Oleg Losev, mwanafizikia wa nuru baridi aliyeuawa na njaa ya Leningrad

Tarehe 22 Januari mwaka 1942, katika hospitali ya Chuo cha Kwanza cha Tiba cha Leningrad, alifariki dunia mwalimu mmoja wa fizikia aliyekuwa na umri wa miaka 38. Hakuuawa kwa risasi wala kwa bomu. Aliuawa na njaa, kama walivyouawa maelfu kwa maelfu ya wakazi wa mji huo uliokuwa umezingirwa na majeshi ya Ujerumani. Jina lake lilikuwa Oleg Vladimirovich Losev. Miaka 15 kabla ya kifo chake alikuwa amekwisha kuchapisha maelezo ya namna punje ya fuwele inavyoweza kutoa nuru bila kushika moto. Nuru ya namna hiyo leo imo katika tochi, taa za sola, simu za mkononi na televisheni duniani kote.

Maisha yake yanastahili kusimuliwa upya wakati huu ambapo maabara za mabara kadhaa zinashindana kutengeneza kizazi kipya cha taa na vioo vya picha kwa kutumia chembe ndogo mno ziitwazo nukta za kwanta. Maswali yanayowakesha watafiti wa sasa, yaani ni kiasi gani cha umeme kinachogeuka kuwa nuru na nuru hiyo itadumu kwa muda gani, ndiyo yaliyomkabili kijana huyo wa Kirusi akiwa na fuwele moja, waya mwembamba na betri.

Kijana wa Tver

Losev alizaliwa tarehe 10 Mei mwaka 1903 katika mji wa Tver, ulio kaskazini magharibi ya Moscow kando ya mto Volga. Baba yake alikuwa ofisa mstaafu wa jeshi la mfalme wa Urusi, naye alifanya kazi ya ukarani katika kiwanda cha mabehewa ya reli. Haikuwa familia maskini, lakini asili yake ya kikabaila haikuwa sifa njema baada ya mapinduzi ya mwaka 1917.

Kilichoamua mkondo wa maisha yake ni kituo cha redio. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Tver ilikuwa na kituo cha kijeshi cha kunasa mawasiliano ya kimataifa, na ndani yake wahandisi wachache walikuwa wameanzisha maabara. Losev, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alihudhuria mhadhara wa mkuu wa kituo hicho kuhusu redio, na tangu siku hiyo hakutaka kujua kitu kingine. Alikuwa akienda kituoni mara kwa mara, na huko akafahamiana na wataalamu ambao baadaye wangekuwa nguzo za redio katika Muungano wa Kisovieti, akiwemo Mikhail Bonch-Bruevich na Vladimir Lebedinsky.

Mwaka 1918 serikali mpya iliwahamishia wataalamu hao Nizhny Novgorod, mji mwingine wa mto Volga, na huko ikaundwa Maabara ya Redio ya Nizhny Novgorod. Losev alipomaliza sekondari mwaka 1920 alijaribu kwanza kusoma Moscow, kisha akaacha na kuwafuata. Hakuwa na shahada, wala hakuwa na fedha. Wanaosimulia maisha yake husema kwamba aliandikwa kazi ya utarishi, akawa analala ndani ya jengo hilohilo la maabara, juu karibu na dari. Mchana alitumwa, usiku alifanya majaribio.

Redio isiyohitaji valvu

Ili kufahamu alichokuwa akikitafuta, yafaa kukumbuka redio za miaka ile zilivyokuwa. Redio nzuri ilihitaji valvu, yaani chupa za kioo zilizotolewa hewa, zenye nyuzi za chuma zilizopashwa moto kwa umeme. Valvu zilikuwa ghali, zilikula betri upesi, na katika Urusi iliyochoshwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe hazikupatikana kwa urahisi. Redio ya mtu wa kawaida ilitumia fuwele: kipande cha madini kilichoguswa kwa ncha ya waya. Fuwele hiyo iliweza kuyatambua mawimbi ya redio lakini haikuweza kuyakuza, hivyo msikilizaji alilazimika kutega masikio kwenye visikilizio ili apate sauti hafifu kutoka kituo kilicho karibu.

Mwezi Januari mwaka 1922, Losev akiwa na umri wa miaka 18, aligundua kwamba fuwele ya madini ya zinkiti, ikiguswa mahali panapofaa na kupewa volti chache za betri, huweza kuyakuza mawimbi na hata kuzalisha mitetemo ya umeme. Kwa maneno mengine, jiwe lilifanya kazi ya valvu. Alitengeneza redio kamili kwa njia hiyo, na ikaitwa Kristadini. Habari zilivuka mipaka. Mwaka 1924 jarida la Marekani liitwalo Radio News, lililohaririwa na Hugo Gernsback, liliusifu uvumbuzi huo kuwa wa kushangaza na kutabiri kwamba fuwele siku moja zingechukua nafasi ya valvu. Nyumbani kwake, vijana wapenda redio walijitengenezea Kristadini kwa kufuata maelezo aliyoyachapisha.

Lakini uvumbuzi huo ulikuwa na kasoro iliyouangusha. Zinkiti ni madini adimu. Tena mahali panapofaa kuguswa palikuwa padogo mno, na mtumiaji alilazimika kuyahamisha hamisha waya mpaka apapate. Akipapata, mtikisiko mdogo wa meza ulitosha kumpoteza. Wakati huohuo valvu zilizidi kuwa bora na nafuu. Kristadini ilifanya kazi, ila haikutegemeka. Tofauti hiyo, kati ya kifaa kinachofanya kazi mara moja mbele ya macho ya mvumbuzi na kifaa kinachotegemeka mikononi mwa watu, ndiyo iliyoendelea kuamua hatima ya kila alichokigusa Losev.

Nuru isiyochoma

Mwaka 1923, alipokuwa akichunguza fuwele nyingine ziitwazo silikoni kabidi, madini magumu yanayotumika hadi leo kutengenezea misasa, aliona kwamba pale waya unapogusa fuwele pametokea kimulimuli. Hakuwa mtu wa kwanza kukiona. Mwaka 1907 Mwingereza Henry Joseph Round, mfanyakazi wa kampuni ya Marconi, alikuwa ameona jambo hilo na kuliandikia taarifa fupi katika jarida moja la Marekani, kisha akaendelea na shughuli nyingine. Tofauti ya Losev ni kwamba hakuendelea na shughuli nyingine. Aliikalia nuru hiyo kwa karibu miaka 20.

Swali la kwanza alilojiuliza lilikuwa rahisi na la lazima: je, nuru hii inatokana na joto? Taa za kawaida za umeme za wakati ule ziling'aa kwa sababu ndani yake kulikuwa na uzi uliopashwa hadi ukawa mweupe. Kama fuwele ilikuwa ikiwaka kwa namna hiyohiyo, basi hapakuwa na jipya. Losev aliweka juu ya sehemu inayong'aa tone la benzini, kioevu kinachokauka upesi kikipata joto. Tone likakauka polepole, kama ambavyo lingekauka mahali popote pengine. Nuru ilikuwa baridi.

Swali la pili lilihusu kasi. Uzi wa taa huchukua muda kupata moto na muda kupoa, kwa hiyo hauwezi kuwashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa sekunde. Losev alionyesha kwamba nuru ya fuwele huwaka na kuzimika papo kwa papo kwa kufuata mkondo wa umeme. Alitambua pia kwamba kulikuwa na namna mbili za nuru: moja hutokea mkondo unapopita upande mmoja, na nyingine unapopita upande wa pili. Ile ya pili ndiyo mzazi hasa wa taa zetu za leo.

Swali la tatu lilikuwa la asili ya nuru yenyewe. Losev alilijibu kwa kutumia nadharia ya kwanta, ambayo wakati huo ilikuwa bado changa hata katika vyuo vikuu vikubwa. Alipendekeza kwamba kinachotokea ni kinyume cha tendo lile lililoelezwa na Albert Einstein mwaka 1905, ambapo nuru ikiigonga metali huzitoa elektroni. Hapa elektroni ndizo zinazopoteza nishati, na nishati hiyo hutoka ikiwa nuru. Matokeo yake aliyachapisha kwa Kirusi mwaka 1927, na mwaka uliofuata yakatoka kwa Kiingereza katika jarida la London liitwalo Philosophical Magazine. Kwa hiyo hayakufichwa. Yaliwekwa mezani mbele ya wanasayansi wote, nao wengi wakapita.

Mwaka 1927 aliomba pia hataza ya kifaa alichokiita kipokezanishi cha nuru, nayo ilitolewa mwaka 1929. Humo alieleza kwamba fuwele inayowaka na kuzimika kwa kasi ingeweza kutumika katika simu na telegrafu za mwendo wa haraka na katika kupeleka picha. Leo mawasiliano ya intaneti hupita yakiwa mapigo ya nuru ndani ya nyaya za kioo, zikiwemo zile zilizopitishwa chini ya Bahari ya Hindi na kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Nuru ya nyaya hizo hutoka kwenye leza za semikondakta, ambazo ni ndugu wa karibu wa fuwele ya Losev.

Mwalimu katika mji uliozingirwa

Mwaka 1928 Maabara ya Nizhny Novgorod ilivunjwa na kazi zake kuunganishwa na Maabara Kuu ya Redio mjini Leningrad, mji ambao leo unaitwa tena Saint Petersburg. Losev alihamia huko. Kwa miaka kadhaa aliruhusiwa kufanya majaribio katika taasisi ya fizikia iliyoongozwa na Abram Ioffe, mwanafizikia mwenye heshima kubwa nchini humo. Kwa kuuchunguza uso wa fuwele kwa ncha nyembamba, alibaini kwamba nuru huzaliwa katika tabaka jembamba sana, ambalo upitishaji wake wa umeme ni tofauti na ule wa sehemu iliyo chini yake. Alikuwa ameugusa mpaka ambao sayansi ya semikondakta ingekuja kusimama juu yake, ingawa nadharia ya kuueleza kikamilifu ilikuwa bado haijaandikwa.

Katika maisha yake ya kazi alichapisha makala zaidi ya 40 na kupewa hataza zipatazo 16, mara nyingi akiwa mwandishi pekee. Hata hivyo, hakuwa na shahada. Mwaka 1937 alianza kufundisha fizikia katika Chuo cha Kwanza cha Tiba, na mwaka 1938, kwa kutetewa na Ioffe, akapewa shahada ya juu ya fizikia na hisabati bila kuandika tasnifu, kwa kuwa kazi zake zilitosha kuwa ushahidi.

Mwezi Juni mwaka 1941 Ujerumani iliushambulia Muungano wa Kisovieti. Taasisi ya Ioffe ilihamishiwa Kazan, mashariki. Losev alibaki Leningrad na chuo chake. Katika miezi hiyo aliiacha nuru na kushughulikia mahitaji ya vita: kifaa cha kutafutia vipande vya chuma ndani ya majeraha, mtambo wa kutoa ishara ya moto, na chombo cha umeme cha kuusaidia moyo. Alijitolea pia damu kwa ajili ya majeruhi.

Tarehe 8 Septemba njia ya mwisho ya nchi kavu ilikatwa. Mzingiro ungedumu siku 872, na majira ya baridi ya kwanza ndiyo yaliyoua watu wengi zaidi. Kuanzia tarehe 20 Novemba mgawo wa mkate kwa watumishi wa ofisi, wategemezi na watoto ulishuka hadi gramu 125 kwa siku, tena mkate uliochanganywa na vitu visivyo unga. Baridi ilikuwa kali, maji yaliganda, umeme ulikatika. Mtu aliyekuwa amejitolea damu hakuwa na akiba ya mwili ya kumvusha. Januari ilipokaribia mwisho, Losev alikata roho. Andiko lake la mwisho la kisayansi, alilolituma kwa jarida mwaka uliotangulia, lilipotelea katika misukosuko ya vita.

Walioipokea kazi

Mwezi Desemba mwaka 1947, katika maabara za Bell nchini Marekani, John Bardeen na Walter Brattain walifanikiwa kukuza mawimbi ya umeme kwa kipande cha jamanio kilichoguswa kwa ncha mbili. Hiyo ndiyo transista ya kwanza, na ilianza kuyatimiza yale yaliyotabiriwa wakati wa Kristadini. Mwaka 1951, Kurt Lehovec na wenzake, pia Marekani, walieleza kwa nadharia mpya nuru ya silikoni kabidi: elektroni za upande mmoja wa mpaka hukutana na nafasi zilizoachwa wazi za upande wa pili, ambazo wanafizikia huziita matundu, na katika kukutana huko nishati hutoka ikiwa nuru. Makala yao ilimtaja Losev.

Ndipo ilipojulikana kwa nini nuru yake ilikuwa hafifu. Maumbile ya silikoni kabidi hayaruhusu elektroni na matundu kukutana kwa urahisi na kutoa nuru. Sehemu kubwa ya nishati hupotea ikiwa joto. Hata taa bora za buluu zilizotengenezwa kwa madini hayo baadaye ziligeuza kuwa nuru takribani asilimia 0.03 tu ya umeme. Ilibidi kutafuta fuwele nyingine. Mwaka 1962 Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric alitengeneza diodi iliyotoa nuru nyekundu. Buluu yenye nguvu ilisubiri hadi miaka ya 1990, kwa kazi za Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliotunukiwa Nobeli mwaka 2014. Kwa buluu hiyo ikapatikana taa nyeupe, ambayo katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki imekiondoa kibatari juu ya meza ya mwanafunzi.

Nukta za kwanta na maswali yaleyale

Hatua inayofuata imerudi, kwa sehemu, katika mji wa Losev. Alexei Ekimov alizaliwa Leningrad mwaka 1945, miaka mitatu baada ya kifo cha mwalimu yule. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, akifanya kazi katika taasisi ya sayansi ya nuru mjini humo, alionyesha kwamba fuwele ndogo mno ndani ya kioo hubadilisha rangi kwa kubadilika ukubwa wake tu. Louis Brus alipata matokeo ya aina hiyo Marekani katika vimiminika, na mwaka 1993 Moungi Bawendi akapata njia ya kuzitengeneza fuwele hizo zikiwa sawasawa. Watatu hao walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2023.

Nukta ya kwanta ina upana wa nanomita chache, na milimita moja ina nanomita milioni moja. Iliyo ndogo hutoa buluu, iliyo kubwa zaidi hutoa nyekundu, na rangi yake huwa safi sana. Televisheni nyingi zinazouzwa leo kwa jina la teknolojia hiyo huzitumia nukta kubadilisha rangi ya taa iliyo nyuma yake. Lengo la watafiti ni kwenda mbele zaidi: kuzipitishia nukta umeme moja kwa moja ziwake zenyewe, kama ilivyowaka fuwele ya Losev.

Hapo ndipo maswali ya zamani yanaporudi. Kifaa cha kwanza cha namna hiyo, kilichotangazwa mwaka 1994, kiligeuza kuwa nuru sehemu isiyozidi asilimia 0.01. Moja ya sababu ni kwamba mara nyingi elektroni huingia katika nukta kwa wepesi kuliko matundu. Elektroni zinapozidi, nishati ambayo ingetoka ikiwa nuru humezwa na elektroni ya ziada na kuishia kuwa joto. Kasoro ndogo juu ya uso wa nukta nazo hunyonya nishati, na hewa na unyevu huzidhoofisha. Tiba zilizopatikana ni pamoja na kuivika kila nukta ganda la madini mengine na kuweka tabaka jembamba la kuzipunguza mwendo elektroni ili zilingane na matundu. Kwa njia hiyo ya pili watafiti wa China mwaka 2014 walitengeneza kifaa chekundu chenye ufanisi wa zaidi ya asilimia 20, ambacho kwa mwanga wa wastani kilikadiriwa kudumu saa 100,000. Rangi ya buluu bado huchakaa mapema kuliko nyingine, na nukta nyingi zilizo bora zina kadmiamu, ambayo ni sumu. Mpaka mambo hayo mawili yatatuliwe, kifaa kitabaki kizuri maabarani na cha mashaka sebuleni.

Losev angeuelewa mkwamo huo bila kufafanuliwa. Kristadini yake ilishindwa kwa sababu hiyohiyo, na nuru yake ilikosa nguvu kwa sababu inayofanana na hiyo. Kwa muda mrefu jina lake lilijulikana kwa wachache. Mwaka 1976 mtafiti Egon Loebner aliyafufua makala yake katika historia aliyoiandika ya diodi za nuru, na tangu hapo wanahistoria wa sayansi humtaja miongoni mwa waanzilishi. Aliyeanza kazi akiwa tarishi alikufa kabla ya kuiona taa hata moja ya aina yake ikimwangazia mtu chumbani, na vipimo vyake vilisubiri katika majarida hadi walipopatikana wa kuvisoma.